Beryl Markham na kazi iliyosahaulika: mkufunzi wa farasi wa mbio hufanya nini hasa?

Jina la Beryl Markham likizuka kwenye mazungumzo, mambo hutajwa kwa mpangilio uleule: alivuka bahari ya Atlantiki kwa ndege, aliandika kitabu, aliolewa mara tatu. Farasi hutajwa mwisho, tena kwa nusu sentensi, kana kwamba walikuwa kitu cha kupitishia muda Jumapili mchana. Juzi jirani yangu, mtu aliyesoma na anayefuatilia mambo, aliniuliza, "Huyu si ndiye yule mama aliyekuwa akishindana na farasi pale Ngong?" Nikamjibu kwamba hakuwa mpandaji wa mashindano, alikuwa mkufunzi. Akanitazama kidogo. "Sasa mkufunzi anafundisha nini? Farasi si anazaliwa anajua kukimbia?"

Swali lake ni la haki kabisa, na sidhani kuna namna ya kumwelewa Beryl Markham bila kulijibu. Urubani wake ulidumu miaka michache tu katika miaka ya 1930. Farasi walimlisha, wakamfilisi, wakamrudishia jina, na walikuwa naye tangu utotoni hadi uzeeni.

Tuanze na watu wanne wanaochanganywa kila siku.

Wa kwanza ni mwenye farasi. Huyu ndiye aliyemnunua au kumzalisha, na ndiye anayelipa gharama. Anaweza kuwa hajui hata kumfunga farasi lijamu. Wa pili ni mkufunzi. Huyu hupewa leseni na klabu inayosimamia mashindano, hupokea farasi za watu kwenye mabanda yake, na hulipwa ada ya malezi pamoja na sehemu ya zawadi farasi akishinda. Yeye ndiye anayepanga farasi ale nini, akimbie umbali gani asubuhi, apumzike lini, aingie mbio zipi na nani ampande. Farasi akikutwa na dawa iliyokatazwa mwilini, wa kwanza kuitwa kujieleza ni mkufunzi. Wa tatu ni joki, yule mpandaji mwembamba mwenye shati la rangi kali. Wa nne ni saisi, anayemsugua farasi, kumlisha, kusafisha banda na kulala karibu naye anapoumwa.

Mtu wa mpira anaweza kusema mwenye farasi ni mwenye klabu, mkufunzi ni kocha, na farasi ndiye mchezaji. Inasaidia, ila joki hana mwenzake kwenye mpira. Siku ya mbio yeye huwa na dakika mbili au tatu juu ya mgongo wa farasi. Miezi yote iliyotangulia dakika hizo ni ya mkufunzi na saisi.

Beryl alikuwa mpandaji hodari wa mazoezi tangu utotoni. Lakini jina lake katika historia ya mbio limeandikwa kwenye safu ya mkufunzi.

Mtoto wa Njoro

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, kijiji cha Rutland nchini Uingereza, akiitwa Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi. Alikuja Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo, akajikita Njoro, ukingoni mwa msitu wa Mau, naye Beryl akaletwa akiwa na umri wa kama miaka minne. Ardhi ile, kama sehemu kubwa ya nyanda za juu, ilikuwa imetwaliwa na serikali ya kikoloni na kugawiwa walowezi. Hilo lazima lisemwe mapema, kwa sababu hakuna banda wala uwanja wa mazoezi katika habari hii uliosimama hewani.

Mama yake hakukaa. Alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, binti akabaki na baba. Hivyo alilelewa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa shambani: watoto na wazee wa Kikalenjin, masaisi, vibarua. Alikua akisema Kiswahili na lugha za majirani zake. Mwenzake wa kucheza aliitwa Kibii, aliyekuja kujulikana kwa jina la arap Ruta baada ya kutahiriwa. Walikimbia pamoja, waliwinda pamoja. Walipokuwa watu wazima, arap Ruta akawa mfanyakazi wake. Beryl mwenyewe aliandika juu ya mabadiliko hayo, na ukisoma unaona alijua kwamba kuna kitu kilichopotea pale. Nafikiri huu ndio upande wa maisha yake unaostahili kusemwa zaidi kuliko orodha ya waume zake.

Baba yake aliendesha kiwanda cha mbao na kinu cha nafaka, na faida nyingi iliishia kwenye farasi. Kisha ukame ukaja. Kwa maelezo ya Beryl, mzee alikuwa ametia sahihi mikataba ya kupeleka unga kwa bei iliyokwisha kupangwa, na nafaka ilipoadimika akalazimika kuinunua kwa bei ya juu kuliko aliyoahidiwa kulipwa. Heshima ikabaki, shamba likaenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Clutterbuck alielekea Peru kufundisha farasi wa huko. Binti hakumfuata. Alipanda farasi wake Pegasus, ambaye yeye mwenyewe alimsaidia kuzaliwa kwa mikono yake, akaelekea Molo na mifuko miwili kwenye tandiko, kuanza maisha ya kujitegemea.

Akapata leseni ya ukufunzi akiwa msichana bado, wa kwanza kuipata miongoni mwa wanawake wa Kenya. Ili uone uzito wa jambo hilo, linganisha na Uingereza kwenyewe. Huko wanawake walifundisha farasi kwa miaka mingi huku leseni ikiandikwa jina la mwanamume aliyeajiriwa nao. Ilimbidi mkufunzi mmoja, Florence Nagle, aende mahakamani, na ni mwaka 1966 tu ndipo klabu iliyosimamia mbio za huko ilipokubali kuwapa wanawake leseni kwa majina yao. Wakati huo Beryl alikuwa amekwisha shinda, amekwisha acha, na amekwisha rudi tena kushinda.

Farasi anajua kukimbia, sawa. Mkufunzi anafundisha nini?

Hapa ndipo penye jibu la jirani yangu, nami naomba uvumilivu kidogo, kwa sababu bila mwili wa farasi hakuna kitakachoeleweka.

Farasi wa mbio ni wa nasaba inayoitwa thorabredi. Wote, ukifuata baba za baba zao, huishia kwa madume matatu tu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki karne tatu hivi zilizopita. Mtu mzima wao ana uzito wa kilo kama 450 hadi 500, na akifungua mbio anapita kilomita 60 kwa saa. Katika kila hatua kuna nukta ambapo uzito wote huo unabebwa na mguu mmoja. Sasa utazame mguu wenyewe. Chini ya goti la mbele hakuna msuli wa kutajika. Kuna mfupa, kano, na ngozi juu yake. Kazi yote ya kuvuta na kurudisha inapita kwenye kano ndefu zinazoshuka nyuma ya mguu kama kamba za daraja.

Msuli ukichoka, hupona kwa siku kadhaa. Kano ikichanika huchukua miezi, pengine mwaka, na ikishapona haiwi ile ya mwanzo. Tena mapafu na misuli hujengeka upesi kuliko mifupa na kano. Maana yake ni kwamba farasi mchanga hujisikia yuko tayari kabla miguu yake haijawa tayari. Anataka kukimbia, anavuta hatamu, macho yanawaka, na mwenye farasi amesimama kando anauliza kwa nini hajaandikishwa mbio za Jumapili.

Waliojenga nyumba watanielewa. Zege likimwagwa leo, kesho kutwa linaonekana limekauka na unaweza kulitembelea. Fundi anayejua kazi ataendelea kulimwagilia maji kwa siku nyingi na atakataa kupandisha ghorofa juu yake. Mwenye nyumba anaona fundi anapoteza muda. Ukufunzi wa farasi kwa sehemu kubwa ni kukataa huko kupandisha ghorofa.

Kwa hiyo kazi huanza gizani. Kabla jua halijachomoza mkufunzi hupita banda kwa banda, na kitu cha kwanza anachotazama ni ndoo ya chakula. Farasi aliyebakiza nafaka ametoa taarifa. Kisha anainama, anapitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele kuanzia gotini hadi juu ya kwato, polepole, halafu mguu wa pili, akilinganisha. Anatafuta joto. Ni kama mama anavyoweka mgongo wa mkono kwenye paji la mtoto asubuhi, kabla hata mtoto hajasema anaumwa. Joto dogo kwenye kano moja, ambalo mgeni hawezi kulihisi, linatosha kufuta mazoezi ya wiki nzima. Mkufunzi asiyelihisi leo atamwona farasi akichechemea baada ya siku tatu, na huo ndio mwisho wa msimu.

Baada ya hapo ndipo mazoezi: siku nyingi za mwendo wa taratibu, mbio za kweli mara moja au mbili tu kwa wiki. Farasi hapumui kwa mdomo, hupumua kwa pua peke yake, na akiwa kwenye kasi pumzi moja huenda na hatua moja. Ndiyo maana mafua madogo, ambayo kwako ni leso tu, kwake ni mbio zilizokwisha. Ana wengu linalohifadhi akiba ya chembe nyekundu za damu na kuimwaga mwilini anapoanza kukimbia. Tumbo lake nalo ni kisa kingine: farasi hawezi kutapika. Nyasi zenye ukungu au nafaka iliyozidi humletea msokoto wa tumbo unaoweza kumuua usiku mmoja. Watu wanaodhani chakula cha farasi ni kazi ya kumtupia majani hawajawahi kukesha naye anapogaagaa.

Kenya inaongeza ya kwake. Kuna maradhi ya farasi ya Afrika, yanayosambazwa na visubi wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri. Punda milia hubeba virusi vyake bila kuugua sana, lakini thorabredi huweza kufa ndani ya siku chache. Zamani, kabla ya chanjo kuwa jambo la kawaida, kinga ilikuwa kuwaingiza farasi mabandani kabla jua halijazama na kuomba Mungu. Beryl alikulia kwenye mazingira hayo. Elimu yake ya shule ilikuwa ya kukatikakatika, lakini katika hii alikuwa na shahada mbili kabla hajafika miaka 18.

Wise Child

Kuna farasi mmoja anayeeleza kila kitu nilichosema hapo juu.

Wise Child alikuwa jike mwenye uwezo mkubwa na miguu iliyoharibiwa. Mkufunzi mwingine alikuwa amemkimbiza kupita kiasi mapema mno, na kano za mbele zikadhoofika. Ndivyo alivyofika mikononi mwa Beryl. Wakati huohuo Beryl alikuwa amemwandaa dume aliyeitwa Wrack kwa ajili ya St Leger, mojawapo ya mbio kuu za mwaka, na wiki chache kabla ya siku yenyewe mwenye Wrack akamwondoa, akampeleka kwa mkufunzi mwingine. Aliona msichana ni mdogo mno kuaminiwa na farasi kama huyo.

Jiweke mahali pake. Farasi aliyemjenga yuko kwa mpinzani, tayari kabisa. Aliyebaki naye ana miguu ya kubahatisha. Kumfanyisha mazoezi ya nguvu ni kuivunja, na kumpumzisha ni kumpeleka uwanjani hana pumzi. Anachoeleza Beryl ni kwamba alimtafutia ardhi laini kwenye ufuo wa ziwa Elementaita, ambapo kila hatua haikurudisha kishindo kwenye mguu, akamjenga pumzi huku akizilinda zile kano siku hadi siku.

Mwaka 1926 Wise Child, akiwa na joki Sonny Bumpus mgongoni, alishinda St Leger jijini Nairobi. Wrack alikuwamo na akashindwa. Na Beryl anakumbusha kitu ambacho watazamaji hawakukiona: farasi yule alimaliza mbio kano zikiwa zimefika mwisho wa uvumilivu wake.

Watu wengi hukiona kisa hiki kama cha ushujaa wa farasi, na ni kweli alikuwa shujaa. Lakini nakuomba utazame zile wiki za ziwani. Hakuna aliyepiga makofi kule. Kuna mtu aliyeinama kila alfajiri akishika mguu, akiamua leo twende mita mia zaidi au leo turudi nyumbani.

"Dabi" ya farasi na ya mpira, na maana ya bingwa

Neno dabi limetuchanganya. Kwetu dabi ni Simba na Yanga, au Gor Mahia na Leopards: majirani wawili wanaokutana kwa uchungu. Kwenye farasi haina uhusiano wowote na ujirani. Mwaka 1780 kule Epsom, Uingereza, zilikimbiwa mbio zilizopewa jina la Earl wa Derby, na nchi nyingi zikaiga jina hilo kwa mbio zao kuu za farasi wa miaka mitatu. Umri ndio wa kuzingatia. Farasi hupata nafasi moja tu ya kukimbia Derby maishani mwake. Akiumwa wiki hiyo, hakuna mwaka ujao. Kwa mkufunzi ni sawa na kumwandaa mtoto kwa mtihani usiorudiwa, tena mtoto asiyeweza kukwambia kichwa kinamuuma. St Leger ni ya umri uleule ila ndefu zaidi, na Kenya ilichukua mpangilio huo wote pamoja na majina yake.

Mbio za kawaida za wiki hadi wiki ni tofauti, na hapa pana neno lingine linalosumbua: hendikapu. Ni mbio ambazo farasi mwenye rekodi nzuri hubebeshwa uzito zaidi kwenye tandiko, na dhaifu hupunguziwa, ili wote wawe na nafasi. Ukiwaambia watoto washindane kukimbia, yule mkubwa unamwambia aanzie nyuma kidogo. Wazo ni hilo, ila kwa kilo. Ndiyo maana kushinda mfululizo ni kugumu sana: kila ushindi unamwongezea farasi mzigo wa mbio zinazofuata. Mkufunzi stadi anajua farasi wake anabeba kilo ngapi bila kufa moyo, kwa umbali gani, juu ya ardhi ya aina gani, na anachagua mbio kwa hesabu hiyo. Wengi hupoteza farasi wazuri kwa kuwaandikisha mbio zisizo zao.

Basi "mkufunzi bingwa" ni nani? Si aliyeshinda mbio moja kubwa. Ni cheo cha msimu mzima. Kuna nchi zinazohesabu idadi ya ushindi na kuna zinazohesabu jumla ya fedha za zawadi. Uingereza, kwa mfano, hutumia fedha kwa mkufunzi wa mbio za bapa, yaani zisizo na viunzi vya kuruka. Kwa namna yoyote, ni tuzo ya mabanda mazima, si ya farasi mmoja. Unahitaji farasi ishirini, thelathini, walio wazima kwa miezi, kila mmoja na tabia yake, na wenye farasi ambao kila mmoja anaamini wake ndiye anayecheleweshwa bila sababu.

Beryl Markham alishinda Kenya Derby mara sita na akawa mkufunzi bingwa wa Kenya mara tano. Sehemu kubwa ya hayo ilikuja baada ya umri ambao wengi huhesabu kazi imekwisha.

Ndege, na kosa linalorudiwa

Nipitie hili haraka kwa kuwa limeandikwa kila mahali, na mara nyingi vibaya. Beryl hakuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege peke yake. Huyo ni Amelia Earhart, mwaka 1932, akitoka Amerika kuja Ulaya, upepo ukimsukuma. Alichofanya Beryl mwezi Septemba 1936 ni kwenda upande wa pili, kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea magharibi dhidi ya upepo, peke yake na bila kutua, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Baada ya saa zaidi ya 20 injini ilikosa mafuta na ndege ikatua kwa pua kwenye kinamasi cha Cape Breton, Kanada. Alitoka akiwa na jeraha kichwani, na dunia ikamjua.

Akaishi Marekani, akachapisha kitabu cha kumbukumbu mwaka 1942, kikasifiwa kisha kikasahauliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akarejea Kenya bila fedha na bila farasi.

Kurudi

Kipindi hiki cha pili ndicho kinachonivutia kuliko vyote, na ndicho kinachoandikwa kidogo. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa nje ya kazi kwa takriban robo karne, anaomba watu wampe farasi zao. Mashindano yalikuwa yamehamia uwanja mpya wa Ngong Road tangu 1954. Wakufunzi walikuwa wapya. Akaanza na farasi wachache, wengine walioonekana hawafai, kisha akaweka mabanda Naivasha, na ushindi ukaanza kumiminika. Miongoni mwa washindi wake wa Derby ni Niagara na Lone Eagle, majina ambayo wazee wa Ngong bado huyataja bila kuulizwa.

Popote mkufunzi anaposhinda hivyo, minong'ono hufuata: lazima ana dawa. Naielewa hisia hiyo, na ni kweli michezo hii imewahi kuwa na wadanganyifu katika nchi nyingi. Ndiyo sababu mkojo na damu ya farasi hupimwa. Lakini dawa ya kumchangamsha farasi inaweza kueleza mbio moja. Haiwezi kueleza msimu baada ya msimu wa farasi wenye miguu mizima. Mwili uliochochewa huvunjika upesi kuliko mwingine, na mabanda yake yangebaki na farasi wanaochechemea.

Imani nyingine ni kwamba alikuwa na "kipaji cha kuongea na farasi". Hii ni sifa nzuri inayoficha kazi. Farasi ni mnyama wa kundi na wa kukimbia hatari; anasoma mwili wa mtu kabla mtu hajasema neno. Anayemwendea kwa wasiwasi humpa wasiwasi. Beryl alikuwa ameishi nao tangu akiwa na miaka minne, na miaka hiyo yote alikuwa pamoja na watu waliowajua vilevile. Kumwita mwenye kipaji na kuishia hapo ni kuwafuta waliomfundisha.

Na hapa nawarudia masaisi. Kitabu cha matokeo kina safu ya farasi, mwenye farasi, mkufunzi, joki na uzito. Saisi hana safu. Ndiye anayejua kwamba farasi huyu hali mpaka taa izimwe, yule huogopa ndoo nyeupe, yule mwingine alisimama akiinua mguu wa kulia kidogo jana usiku, jambo ambalo juzi hakulifanya. Mkufunzi anayefika alfajiri hupokea taarifa hizo, na uamuzi wake ni mzuri kadiri taarifa zilivyo nzuri. Kwa miongo mingi ya ukoloni Mwafrika alikuwa saisi, na jina lililochongwa kwenye kikombe lilikuwa la mtu mwingine. Ukitaka kujua elimu ya farasi ya Kenya iko wapi, sehemu kubwa iko kwenye vichwa vya familia ambazo babu, baba na mwana wote wameamkia mabandani.

Ushahidi kwamba kazi hii si ya mtu mmoja unaonekana pia katika kushindwa kwake. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Afrika Kusini kufundisha farasi huko. Alikuwa mtu yuleyule, mwenye jicho lilelile. Mambo hayakumwendea. Ardhi ilikuwa nyingine, wenye farasi wengine, masaisi wengine, mashindano makali zaidi. Akarudi Kenya, na hakupata tena mabanda ya ukubwa ule wa Naivasha.

Aliendelea kufundisha farasi uzeeni, akiishi katika nyumba ndogo ndani ya eneo la uwanja wa Ngong Road, fedha zikiwa haba. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa upya Marekani, kikauzwa sana, na miaka yake ya mwisho ikapata nafuu. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83. Nyumba ile ilikuwa karibu kiasi kwamba alfajiri, masaisi walipokuwa wakiwatoa farasi kwa mazoezi, angeweza kusikia kwato zikipita kabla hajafungua mlango.